Mwendo wa Wimbo ni wa Nani?

Mtu apigaye ngoma na mtu achezaye ngoma hiyo wamefungwa kamba moja isiyoonekana. Mpigaji akiharakisha, mchezaji huharakisha. Mchezaji akichoka, mpigaji mwenye macho huona, naye hulegeza mkono. Kamba hiyo ndiyo mwendo. Haimo katika maneno ya wimbo, wala haimo katika sauti zake za juu na za chini. Maneno yale yale na sauti zile zile zaweza kuimbwa kwa mwendo wa matanga au kwa mwendo wa harusi, na msikilizaji atasema ya kuwa amesikia nyimbo mbili. Kwa hiyo abadilishaye mwendo wa wimbo hafanyi jambo dogo. Hagusi pambo la wimbo tu, bali hugusa pumzi za watu wanaoufuata.

Kazi hii, ambayo zamani ilikuwa ya mikono miwili na macho mawili, siku hizi yaweza kufanywa kwa kidole kimoja. Katika vyumba vidogo vya Tandale, Manzese na Mburahati, na upande wa pili wa mji wa Dar es Salaam, katika mitaa ya Temeke hata Mbagala, vijana hukaa mbele ya kompyuta wakautengeneza muziki uitwao singeli. Mwendo wake wa kawaida ni kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika, ilhali moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 mpaka 100. Kijana akitaka wimbo wake uanze kwa 180 na ufike 260 kabla ya kwisha, huchora mstari kwenye kioo cha kompyuta, mstari ukapanda, na wimbo ukaufuata kama maji yafuatavyo mfereji. Swali ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu. Mstari ule una haki gani juu ya pumzi za watu?

Yafaa kwanza kuondoa kosa moja. Wako wasemao ya kuwa kubadili mwendo ndani ya wimbo ni tabia iliyoletwa na mashine, na ya kuwa wazee walianza wimbo na kuumaliza kwa mwendo mmoja kama mtu aliyepanda punda. Si kweli. Asiyejua chemko hakupata kucheza dansi Dar es Salaam. Bendi zilizotamba katika mji huu, kama NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 na baadaye kujulikana kwa jina la Msondo, au Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 na kulichukua jina la Sikinde kutoka katika ngoma ya Wazaramo, zilijenga nyimbo zao kama nyumba ya vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza mwimbaji husimulia kisa chake kwa upole: mke aliyeondoka, rafiki aliyesaliti, mtoto asiyesikia. Wacheza dansi hukumbatiana na kusikiliza. Halafu magitaa hujibizana, ngoma hukaza, kisa huwekwa kando, na watu huingia chumba cha pili wakiwa wameachana mikono. Mara nyingine mwendo wenyewe hupanda. Mara nyingine haupandi sana, ila mapigo yaliyo ndani yake huongezeka hata mchezaji akaapa ya kuwa umepanda. Jina la chemko limechaguliwa vizuri. Maji hayachemki kwa amri. Huchemka yakiisha kupata moto wa kutosha, na moto huo ni kile kisa kilichosimuliwa polepole.

Mfano mwingine uko mbali na ukumbi wa dansi. Katika dhikiri za watu wa tarika, kiongozi huanza kwa utulivu, jina la Mungu likitamkwa kwa pumzi ndefu. Kisha hutoa ishara kwa kofi au kwa mwili, duara zima likaongeza, na tena likaongeza, mpaka maneno yakabaki kuwa pumzi tu. Hapana anayesema ya kuwa wazee wale wana haraka. Wala hapana anayesema ya kuwa mdundiko, ngoma ya Wazaramo inayotembea mitaani na kukusanya watu nyuma yake, huenda kwa hatua moja tangu mlango wa kwanza mpaka wa mwisho.

Jambo la kuangaliwa katika mifano hii si kasi yenyewe, bali ni gharama ya kasi hiyo na mtu aliyeilipa. Mpiga ngoma apandishapo mwendo, wa kwanza kulipa ni yeye. Mikono yake ndiyo inayowaka na jasho lake ndilo linalodondoka juu ya ngozi. Hawezi kuwatoza wachezaji kodi ambayo mwenyewe haitoi, na kwa sababu hiyo hupandisha kwa kadiri ya alicho nacho. Tena yumo uwanjani. Mzee akiingia kucheza, humwona. Mwari aliyeshindwa kunyanyua mguu, humwona. Na wachezaji nao wana silaha yao: wakikataa mwendo, husimama, na ngoma isiyochezwa humwaibisha mpigaji mbele ya watu wote. Kumbe mwendo wa ngoma hauamriwi na mmoja. Ni mapatano ambayo huandikwa upya kila baada ya mapigo machache, na kila mmoja ana kalamu.

Sasa na iangaliwe kompyuta. Programu itumiwayo na mafundi wengi wa muziki ni FL Studio, ambayo kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilianza kuitoa mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Juu ya kioo chake pana namba ya mwendo. Namba hiyo yaweza kushushwa hata 10 na kupandishwa hata 522 kwa dakika, na hapana mkono wa mpiga ngoma ulioulizwa kama waweza. Fundi aweza kuiacha namba ile mahali pamoja wimbo mzima. Akipenda aweza kuiunganisha na mstari uchorwao chini ya wimbo: ukipinda taratibu, mwendo hubadilika taratibu, ukisimama wima kama ukuta, mwendo huruka.

Vitu viwili hukutana na mstari huo, navyo haviutii kwa namna moja. Cha kwanza ni sauti zilizoandikwa, ambazo kwa kweli si sauti bali ni maagizo: piga ngoma hapa, bonyeza kinanda pale. Maagizo hayana mwili, kwa hiyo hayaumii. Yakiambiwa yakimbie, hukimbia. Cha pili ni sauti iliyonaswa, kama vile sauti ya mwimbaji, na hiyo ni tukio lililokwisha kutokea, lenye urefu wake wa sekunde. Mwendo ukibadilika, sauti hiyo hubaki nyuma kama abiria aliyeachwa kituoni, isipokuwa fundi ameamuru ivutwe. Iko njia ya kale ya kuivuta, ijulikanayo tangu siku za santuri na kanda, nayo ni kuizungusha kwa haraka zaidi. Kila ikiharakishwa huwa nyembamba: nyongeza ya kama asilimia 6 huipandisha nusu toni, na ikiharakishwa mara mbili hupanda oktavu nzima, mwanamume akasikika kama mtoto. Iko na njia ya pili, ya kompyuta, ambayo huikata sauti vipande vidogo mno, ikavitupa vingine na kuviunga vilivyobaki, hata neno likafupika bila kuwa jembamba. Fundi hodari huuficha mshono. Lakini kitu kimoja hupunguka katika njia zote mbili, na ni vigumu kukirudisha. Ni ile pumzi ambayo mwimbaji huivuta kati ya mstari na mstari. Nayo hufupishwa pamoja na maneno, mpaka msikilizaji hudhani ya kuwa yuko mtu asiyehitaji hewa.

Historia ya singeli haieleweki mtu asipoyajua mambo haya mawili. Nyuma yake uko mchiriku, uitwao pia mnanda, ambao katika miaka ya 1990 vijana wa pembezoni mwa mji waliupiga kwa ngoma na kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyoungwa na vipaza sauti vichakavu. Kundi la Jagwa Music lilihifadhi namna hiyo katika albamu ya Bongo Hotheads, iliyotolewa na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2012. Kisha wapiga muziki wa sherehe za mtaani walichukua vipande vya taarabu ya kisasa, vile visivyo na maneno, wakavirudiarudia na kuviharakisha, na waghani wakasimama juu yake. Msaga Sumu ni miongoni mwa waliojulikana mapema kwa kazi hiyo. Mwaka 2017 studio ya Sisso ya Mburahati ilitolewa mkusanyiko wake, Sounds of Sisso, na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na baada ya hapo mafundi wa mitaa ile walialikwa kupiga Ulaya, mbele ya watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Huko walisifiwa kwa kasi. Huenda sifa hiyo ni ya haki, lakini ni nusu ya habari, kwa maana asiyeelewa maneno hawezi kujua ya kuwa ndani ya kasi ile kuna mtu anayesema jambo.

Wazee wengi huikataa singeli kwa methali moja, haraka haraka haina baraka, nao hudhani kesi imekwisha. Methali hiyo hapa imealikwa mahali pasipo pake. Hukanya pupa katika kazi yenye mwisho, kama kujenga ukuta au kupika chungu. Lakini wimbo hauna mahali unapokwenda. Aimbaye kwa haraka hafiki upesi kuliko aimbaye polepole, kwa kuwa hapana kufika. Vijana nao wana utetezi wao, na utetezi huo hupendwa na waandishi wa magazeti: ati singeli ni ya haraka kwa sababu maisha ya Manzese ni ya haraka. Huu nao ni dhaifu. Aliyepata kuishi pembezoni mwa Dar es Salaam anajua ya kuwa sehemu kubwa ya maisha hayo ni kungoja. Watu hungoja daladala, hungoja foleni itembee, hungoja maji yatoke, hungoja kazi ya kutwa ambayo huenda isije. Haraka ni ya wachache wenye mahali pa kwenda. Kama singeli ni kioo cha mtaa, basi ni kioo kinachoonyesha kinyume: mtu aliyengoja tangu asubuhi hupata usiku saa chache ambazo ndani yake hapana kungojewa kitu, kwa kuwa kila pigo limekwisha kufika kabla halijatakwa. Hiyo ni sababu yenye uzito, na yastahili heshima kuliko ile ya kioo.

Lakini sababu ya kupenda kasi haitoshi kumhalalishia mtu kila namna ya kuipata. Na hapa yafaa kuuliza mwendo unakaa wapi. Je, uko katika hewa, au uko ndani ya mtu?

Mtakatifu Augustino, mzaliwa wa Tagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliliangalia jambo hili katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake. Alieleza ya kuwa mtu atakapo kuimba wimbo aujuao, kabla hajafungua kinywa matarajio yake yameutandaa wimbo wote. Kila aimbapo kipande, kipande hicho hutoka katika matarajio na kuingia katika kumbukumbu, mpaka matarajio yote yakaisha na wimbo wote ukawa kumbukumbu. Basi wimbo hukaa katika nafsi iliyotanuliwa pande mbili. Na kama ni hivyo, mwendo si namba iliyo juu ya kioo. Namba ni habari ya mwendo, kama vile kipimo cha joto kilivyo habari ya homa. Johann Maelzel alipopata hataza ya metronomu mwaka 1815, na Beethoven miaka miwili baadaye akaanza kutoa namba za mwendo kwa kazi zake, wengi walidhani ugomvi umekwisha. Mpaka leo wapigaji wa Ulaya wanabishana kuhusu namba hizo, wengine wakisema haziwezekani, na huyo ndiye mtunzi mwenyewe aliyeziandika.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, John Mbiti aliandika mwaka 1969 ya kuwa katika fikra za Kiafrika wakati una pande mbili, ambazo aliziita kwa maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani, na ya kuwa wakati ujao wa mbali karibu haupo. Wamempinga wanafalsafa wengi kwa hoja nzito. Yawezekana hoja iliyo rahisi kuliko zote iko ukumbini: mcheza dansi asikilizaye kisa polepole huku goti lake likianza kutikisika, kwa kuwa ajua chemko linakuja. Goti lile linaishi katika wakati ujao. Ni kweli ya kuwa ni wakati ujao wa dakika tatu tu, na Mbiti angeweza kusema ya kuwa huo umo bado ndani ya Sasa yake; lakini hata hivyo hapana tarajio lenye nguvu kuliko hilo.

Kutokana na haya mtu aweza kuona kitu kilichofichika katika kazi ya fundi. Anapochora mstari wa mwendo, hachezi na kasi, anacheza na matarajio ya mtu asiyemwona. Mpiga ngoma alikuwa na macho. Fundi hana macho, kwa maana wachezaji wake hawajazaliwa katika usiku ule. Je, hilo peke yake ni kosa? Hapana. Mshairi naye huamua mizani ya beti zake akiwa peke yake usiku, na msomaji atakayekuja baada ya miaka hamsini atavuta pumzi pale alipoamriwa na kituo. Aandikaye barua hamwoni aisomaye, naye halaumiwi. Linalotakiwa kwa mtu asiyemwona mwenzake ni kumfikiria zaidi, kwa vile mwenzake hana njia ya kumkatiza. Mchezaji hawezi kuiaibisha kompyuta kwa kusimama.

Kwa hiyo iko tofauti ya kweli, na si ya ufundi tu, kati ya mstari unaopinda na mstari uliosimama kama ukuta. Mwendo upandao kutoka 180 hadi 260 kwa muda wa dakika nzima humpa mchezaji nafasi ya kujitambua: aweza kuendelea, aweza kuhesabu pigo moja kati ya mawili akacheza nusu ya mwendo, aweza kutoka uwanjani kwa heshima akajifuta jasho. Mwendo urukao ghafla haumwachii chaguo. Wako mafundi wanaoupenda mruko huo hasa kwa sababu huwaangusha watu, nao hucheka. Na isidhaniwe ya kuwa kila mruko ni dhuluma. Mghani akiisha kupaza sauti na kutangaza ya kuwa sasa moto unawashwa, na ngoma ikanyamaza kidogo, watu wote hukaza miguu, na mruko huo huwa ni furaha iliyokubaliwa na kila mtu. Kinachotenganisha mambo haya mawili ni taarifa. Ni jambo la kushangaza kidogo ya kuwa katika muziki unaosemwa hauna adabu, adabu hiyo ya kutoa taarifa huchungwa na waghani wengi kuliko watangazaji wa redio wanaoukataa.

Liko jambo zito zaidi, nalo ni la mghani mwenyewe. Kughani kwa mapigo zaidi ya 200 ni kazi ngumu ya mdomo na mapafu. Wako walioipata kazi hiyo kwa kujizoeza miaka mingi kwenye sherehe za usiku kucha, ziitwazo vigodoro, mpaka ulimi wao ukawa mwepesi kuliko wa mnadi. Lakini mstari wa mwendo umefungua mlango mwingine. Mtu aweza kughani kwa mwendo wa 150 akiwa ametulia, sauti ikanaswa, kisha fundi akaivuta mpaka 220, na msikilizaji akamstaajabia mghani kwa kazi aliyoifanya kompyuta. Je, huo ni uwongo?

Mtu mmoja aweza kusema la, kwa kuwa muziki wa studio wote ni wa kutengenezwa. Hata mwangwi wa chumba kikubwa hutiwa kwa mashine, na hapana anayelalamika ya kuwa mwimbaji hakuwa msikitini wala kanisani alipoimba. Hoja hii ina nguvu, lakini haigusi kiini. Mwangwi haumsifu mwimbaji kwa tendo lolote. Kasi humsifu. Asikiaye mghani wa singeli hasikii sauti nzuri tu, husikia mtu akishindana na pumzi yake na kushinda. Na kama hapana aliyeshindana, basi aliyesifiwa hayupo. Ni kama kumvika nishani mkimbiaji aliyepanda bodaboda. Hata hivyo hukumu hii yapasa ipunguzwe mahali pamoja. Fundi akiivuta sauti mpaka ikawa nyembamba kama ya ndege, hadanganyi mtu. Kila mwenye masikio anajua ya kuwa hiyo ni mashine, na hucheka pamoja nayo. Uwongo huingia pale mshono unapofichwa kwa makusudi. Basi ile njia ya kale, iliyo mbaya kwa ufundi, ndiyo iliyo njema kwa ukweli. Si mara nyingi ufundi mbovu hupata sifa ya namna hiyo.

Bahati njema ni kwamba mtaa una mahakama yake. Mghani aliyetoa wimbo mtaani hualikwa kuughani hadharani, na kigodoro hakina subira. Akishindwa kuufikia mwendo wa wimbo wake mwenyewe, huzomewa, na siku ya pili habari imefika Buguruni. Ndiyo sababu wengi wa wale walioanza kwa kuvutwa na kompyuta wamelazimika kujifunza kwa kweli kile walichojidai kukijua, wakakijua. Hapo mashine haikumharibu mtu, bali ilimkopesha sifa, na mtaa ukaja kudai deni.

Aliyebaki bila mahakama ni yule ambaye sauti yake au kinanda chake kilichukuliwa. Kipande cha taarabu kilichopigwa na watu kumi walioketi, kwa mwendo wa watu wanaotazamwa na kinamama waliovaa vizuri, kimekatwa sekunde nne na kukimbizwa mara mbili usiku kucha. Taarabu tangu siku za Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilianza kunaswa katika santuri mwaka 1928, imekuwa muziki wa kujizuia: jambo husemwa kwa mafumbo, fidla hungoja, mtunzaji huinuka kwa hatua za madaha kupeleka noti yake. Kukiharakisha kipande kama hicho ni kukiondolea kule kujizuia kwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mtunzi haki ya kupinga kupotoshwa kwa kazi yake kwa namna inayoiumiza heshima yake. Lakini sheria hudai mtu ajitokeze ashitaki, na mpiga kinanda wa taarabu, ambaye huenda alilipwa siku ile ile akaenda zake, si mtu wa kumshitaki kijana wa Tandale asiye na kitu. Tena wako wanataarabu wanaofurahi, wakisema ya kuwa kinanda chao kilichokwisha kusahauliwa sasa kinachezwa na watoto. Furaha yao ni ya kweli, wala si kazi ya mwanafalsafa kuwakataza. Ila mtu aweza kutaka jambo moja dogo, ambalo halina gharama: mahali fulani katika wimbo, japo kwa mapigo manane, mstari wa mwendo ushuke, kipande kile kisikike kwa mwendo wake wa kwanza, kisha ndipo kikimbie. Kompyuta iliyoweza kupanda yaweza kushuka. Mafundi wachache hufanya hivyo mwanzoni mwa wimbo, pengine kwa kupenda utamu wake tu, na watu wazima waliokaa pembeni huinua vichwa kwa kuwa wametambua.

Yote haya ni habari za chumbani. Katika sherehe yenyewe mambo hugeuka tena, kwa maana mpiga muziki wa mtaani hachori mstari. Ameweka kompyuta yake juu ya meza ya plastiki, katika uchochoro uliofungwa kwa kanga na turubai, na mwendo anaushika kwa kitelezi kinachokwenda juu na chini chini ya kidole chake. Macho yamerudi. Akiona uwanja umejaa vijana, husukuma; akiona umepungua, hutafuta mahali walipopotelea. Hapa kompyuta imekuwa ngoma kwa mara ya pili, ijapokuwa kidole hakichoki kama mkono.

Na ichukuliwe sherehe moja kama hizo, ya kumtoa mwari, Temeke, saa sita ya usiku. Vijana wanacheza kwa mapigo 230. Bibi yake mwari, ambaye tangu jioni alikuwa amekaa kwenye kiti akishika masikio, anainuka kwa hiari yake na kuingia uwanjani, kanga kiunoni. Hapana aliyesema neno. Kijana aliye kwenye meza anakivuta kitelezi chini taratibu, wimbo unakuwa mzito, sauti ya mghani aliyenaswa inashuka mpaka inafanana na ya mzee, watu wanapiga makofi, na bibi anacheza ile anayoijua yeye, duara moja, mawili, kisha anarudi kwenye kiti chake akicheka. Mwendo unapanda tena. Mtu mmoja ameunasa wimbo huo kwa simu. Baada ya juma moja wimbo unapigwa katika bajaji za Mbagala, na abiria wasiokuwako usiku ule husikia ya kuwa katikati yake mwendo unalegea kwa muda wa kama dakika moja, kisha unarudi. Wengine husema simu iliharibika.